Uzi wa kadi za sigara za Kijerumani zenye mastaa wa sinema (miaka ya 20 na 30): usiishie kwenye sura, geuza nyuma

Kasuku wa Leipzig (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Humu jukwaani kuna nyuzi za stempu, za rupia za Mjerumani, za saa za mkononi, mpaka za chupa za soda, ila za hizi kadi sijaona hata mmoja na mimi ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kukusanya, kwahiyo nimeona nifungue uzi tuongee kwa urefu, anayejua zaidi aongeze nyama.

Kwa ambao hawajawahi kuziona, Ujerumani ya miaka ya 1920 na 1930 ukinunua pakiti ya sigara unakuta humo ndani kapicha kadogo, nyingi zake ni kama sentimita 4 kwa 6 hivi, na kwenye kapicha kuna staa wa sinema, Lilian Harvey, Willy Fritsch, Brigitte Helm yule wa Metropolis ya 1927, Hans Albers, Greta Garbo, Marlene Dietrich, hadi Clark Gable wa Marekani. Kila picha ina namba. Kampuni inakuuzia albamu yenye nafasi zilizoandikwa namba hizohizo na jina chini yake, wewe unabandika moja moja mpaka ijae, na ili ijae lazima uendelee kuvuta sigara ileile. Wazo lenyewe lilianzia Marekani karne ya 19, kikaratasi kigumu cha kuzuia pakiti laini isijikunje, mtu akafikiria mbona hapa tusichape picha. Wajerumani walikuwa tayari wana mazoea, maana kampuni za chokoleti kama Stollwerck ya Cologne zilishawafundisha watu kukusanya picha kabla hata sinema haijakomaa.

Mji wa kuujua kwenye hii mambo ni Dresden. Viwanda vya sigara vilijaa pale, Jasmatzi, Greiling, Orami, Haus Bergmann, na Yenidze waliokuwa wanatengeneza Salem. Kiwanda cha Yenidze kilijengwa 1908 hadi 1909 kwa umbo la msikiti kabisa, kuba kubwa la vioo vya rangi na minara ambayo mmojawapo ndo bomba la moshi, sababu tumbaku yao ilikuwa inatoka himaya ya Osmani na walitaka kila anayepita na treni alijue hilo. Jengo bado lipo, ukiingia Dresden kwa treni unaliona. Berlin nako kulikuwa na Josetti, na Garbáty wa kule Pankow wenye sigara iliyoitwa Malkia wa Sheba.

Sasa picha zenyewe kampuni za sigara hazikupiga. Nyingi zilitoka kwa mtu mmoja, Heinrich Ross wa Berlin, mwenye Ross Verlag. Huyu alikuwa anachukua picha kutoka studio za filamu, Ufa, Paramount, MGM, anazichapa kuwa postikadi kwa maelfu, na hizohizo akizipunguza zinaenda kwenye pakiti. Ukiona kadi ya staa ya Kijerumani ya wakati ule angalia chini ya picha au nyuma yake, mara nyingi utakuta neno Ross.

Ross alikuwa Myahudi. 1937 Wanazi walimlazimisha aachie kampuni yake mwenyewe, 1939 akakimbilia Marekani, akafia Chicago 1957. Waliomnyang'anya waliendelea kutumia jina lake mpaka 1941 ndo wakaibadilisha ikaitwa Film-Foto-Verlag, maana jina lilikuwa linauza. Yaani mtu wamemfukuza nchini na jina lake bado linaingia mifukoni mwa watu kila siku. Hii ndo sababu ninawaambia kila anayeniuliza, sura ya staa ni nzuri ndio, ila habari yenyewe iko nyuma ya kadi, kwenye yale maandishi madogo ambayo wauzaji wengi hata hawayapigi picha wakiweka mzigo onlaini.

Karibuni, nitaendelea kushusha.

Chuma cha Reli

Natia kambi hapa. Mkuu shusha nondo taratibu.

mpemba_wa_bristol

Assalaam aleikum ndugu zangu. Uzi mzuri huu. Mie nakusanya za Kiingereza, za Wills na Player, na nikizilinganisha naona za Mjerumani ni tofauti kabisa, Mwingereza nyingi zake ni michoro iliyochapwa, Mjerumani kuna nyingine ni picha halisi iliyosafishwa kama picha ya studio, karatasi ya picha kweli. Suali langu, utajuaje ipi ni picha halisi na ipi imechapwa na mashine? Maana wauzaji wote wanaandika "picha halisi" hata kama si kweli.

Kasuku wa Leipzig

Waaleikum salaam mkuu, swali zuri sana hilo.

Chukua lenzi ya kukuzia, ile ya sonara inatosha kabisa, weka kwenye shavu la staa pale kivuli kinapokutana na mwanga. Kama imechapwa utaona nukta nukta zimejipanga kwa mistari, kama gazeti. Kama ni picha iliyosafishwa hakuna nukta, kivuli kinayeyuka taratibu kutoka cheusi kwenda kijivu bila mpaka. Josetti ndo ninazozipenda kwa hili, nyeusi na nyeupe, unaona hadi unywele mmoja mmoja uliotoka kwenye msuko.

Alafu iinamishe kwenye taa. Picha halisi ya umri ule mara nyingi sehemu nyeusi za pembeni zinakuwa na mng'ao wa fedha, kama kioo cha zamani kilichochoka, ile ni fedha ya kwenye karatasi imepanda juu. Watu wengine wanaiona kama kasoro wanaisugua. Usiisugue! Ile ni cheti cha kuzaliwa cha kadi yako.

Za rangi ni habari nyingine. Salem walitoa zile wanazoziita Gold-Film, staa amewekwa kwenye mandhari ya dhahabu, na Haus Bergmann walitoa za rangi pia, midomo myekundu, mashavu yamepakwa. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, rangi imekuja baadaye. Ukiangalia nguo ya staa mmoja kwenye seti mbili tofauti unakuta hapa imepakwa kijani kule bluu, fundi wa kupaka rangi alikuwa anaamua mwenyewe.

Dalali Mstaafu

Ivi wakuu tuwe wakweli, kuna pesa humo? Au ni mapenzi tu?

Kasuku wa Leipzig

Mkuu kama unatafuta dili la kuuza upate faida haraka hapa sipo mahali pake nakwambia mapema. Zilichapwa kwa mamilioni na Wajerumani ni watu wa kutunza, kwahiyo kadi ya kawaida ya staa ambaye leo watu wamemsahau unaipata kwa bei chee kwenye masoko ya mitumba, hapa Leipzig na hata Berlin pale Mauerpark siku za Jumapili. Bei inapanda kwa majina ambayo dunia nzima inayatafuta, Garbo, Dietrich, Louise Brooks, Anna May Wong. Na hali ya kadi. Na kama imewahi kubandikwa au la, maana ambayo haijawahi kuguswa na gundi ni chache sana, kazi ya kadi ilikuwa kubandikwa.

Ushauri wangu, kama ni mara ya kwanza nunua albamu nzima iliyojaa badala ya kadi moja moja. Inakuja rahisi zaidi kwa hesabu ya kila kadi, na unapata kitu kizima jinsi mtoto wa 1934 alivyokiacha, wakati mwingine hadi jina lake kaliandika kwenye jalada kwa ule mwandiko wa kizamani ambao Wajerumani wenyewe wa leo hawausomi. Na ukishainunua TAFADHALI usibandue. Kuna watu wananunua albamu, wanazibandua kadi ili wauze moja moja, mgongo unachanika na maandishi ya nyuma yanabaki kwenye albamu. Hapo umeua vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Mimi hili linaniuma kweli.

Bint Kilindini

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, nina albamu moja na kadi za kutosha ambazo shangazi yangu aliniletea kutoka Hamburg, na nataka kuongea na wale wa pwani wenzangu kabla hamjaagiza vitu hivi mkaviweka kabatini. Hewa ya huku ni adui. Karatasi ya Ujerumani imezoea baridi na hewa kavu, ikifika Kilindini msimu wa masika inavuta maji, kurasa zinajikunja, gundi ya zamani inalainika na ukurasa unaokutana na ukurasa unashikana. Hiyo gundi pia ndio chakula cha mende na wale wadudu wa fedha wanaokaa kwenye vitabu, wanaanza na gundi wanamalizia na sura ya mtu.

Mimi nafanya hivi, kila ukurasa naweka karatasi nyembamba isiyo na asidi katikati, albamu inalala chali haisimami, inakaa ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, navibadilisha vikichoka. Siku za jua kavu nalifungua kidogo lipumue. Za moja moja naziweka kwenye mifuko ya plastiki ile ngumu kidogo isiyonuka, ikinuka kama pazia jipya la bafuni usiiweke karibu na picha, baada ya muda inatoa jasho la mafuta na kushikana na kadi. Na usifunge kwa raba wala usitie klipu ya chuma, chumvi ya bahari inaila inaacha kutu.

Wa Dar, Tanga, Unguja, Lamu, hii inawahusu. Wa Arusha na Nairobi mna nafuu.

Chuma cha Reli

Dada hii ni darasa tosha. Nimeikopi yote.

Kijana wa South B

Wasee mambo. Mimi nimekuwa nikibid onlaini na naona kuna jamaa wanauza zile za Dietrich zikiwa fiti sana, nyeupe pe, kona zote kali, na wanadai ni za 1930. Nikaona hii inakaa poa sana kuwa ukweli. Feki ziko bana?

mpemba_wa_bristol

Ziko sana. Dawa yake rahisi, ile tochi ya kukagulia noti, ya mwanga wa zambarau. Karatasi za zamani zile hazina dawa ya kung'arisha, hizo kemikali zimeanza kutiwa kwenye karatasi za kawaida baada ya vita, miaka ya 50 kuja juu. Kwa hiyo zima taa, mulika, kadi ya kweli ya 1930 inabaki imefifia, kama samli au kijivu. Ikiwaka bluu nyeupe kama shati la mwanafunzi, hiyo imechapwa juzijuzi. Isipokuwa uangalie pia isije ikawa ni gundi au mkanda wa plastiki wa kisasa ndio unawaka, mulika pande zote mbili.

Kwa kununua onlaini huwezi kumulika, basi muombe muuzaji picha ya nyuma na picha ya ukingo. Akikataa, muache na kadi yake.

Kasuku wa Leipzig

Naunga mkono 100%. Na hapo kwenye picha ya nyuma ndo nataka nirudi, maana nilianza nikaishia njiani.

Kusoma tarehe. Kadi nyingi hazina mwaka, ila zinajitaja zenyewe ukijua pa kuangalia. Tuseme una Lilian Harvey. Huyu alizaliwa London 1906 akawa staa mkubwa kabisa wa Ufa, yeye na Willy Fritsch ndo walikuwa couple ya taifa kwenye sinema. Kadi yake ikiandikwa Ufa inaweza kuwa ya miaka mingi. Ikiandikwa Fox, hapo umeshapata, alikwenda Hollywood 1933 akafanya kazi na Fox kwa muda mfupi tu akarudi, kwahiyo kadi hiyo ni ya kidirisha hicho. Dietrich hivyohivyo, usiku uleule Der blaue Engel inaoneshwa Berlin kwa mara ya kwanza, tarehe 1 Aprili 1930, yeye aliondoka kwenda Marekani, na kuanzia hapo kadi zake zinabeba Paramount.

Albamu zile kubwa ni za Reemtsma, kampuni iliyomeza viwanda vingi ikiwemo Yenidze. Hao walibuni kitu cha cheki, badala ya kutia picha kwenye pakiti wanatia kikuponi, unakusanya vikuponi unatuma au unapeleka dukani unapewa picha kubwa nzuri zisizokunjika. Idara yao ya picha iliitwa Cigaretten-Bilderdienst. Angalia mahali palipoandikwa. Ikiwa Altona-Bahrenfeld ni ya mwanzo, ikiwa Hamburg-Bahrenfeld ni ya baadaye, sababu Altona ulikuwa mji unaojitegemea mpaka sheria ya 1937 ilipouingiza ndani ya Hamburg. Neno moja la anwani linakupa tarehe.

Hao ndo waliotoa 1935 albamu mbili za historia ya filamu ya Kijerumani, moja ya filamu bubu nyingine ya filamu za sauti, zilizoandikwa na Oskar Kalbus wa Ufa. Picha zake ni za hali ya juu, sijaona albamu ya sigara nzuri kuliko ile ya filamu bubu. Ila maandishi yake, hasa ya pili, yanafuata msimamo wa serikali iliyokuwa imeshika nchi wakati huo, na watu waliojenga sinema ile wakiwa Mayahudi wanasemwa vibaya au wanapitwa kimya. Kwahiyo ukiisoma soma na majina ambayo hayapo.

Wengi waliokuwa kwenye pakiti mwaka 1931 hawakuwepo nchini miaka michache baadaye. Conrad Veidt aliondoka 1933, mke wake alikuwa na asili ya Kiyahudi, na Hollywood wakaja kumpa nafasi za maafisa wa Kinazi, ndo yule Meja Strasser wa Casablanca. Elisabeth Bergner aliishia London. Joachim Gottschalk yeye alibaki, huyo utamkuta zaidi kwenye postikadi, walimtaka amwache mkewe Meta aliyekuwa Myahudi, akakataa, Novemba 1941 akajiua pamoja na mke na mtoto wao mdogo. Na Garbáty niliowataja pale juu walilazimika kuuza kiwanda 1938. Kwahiyo kuna kadi ambazo aliyepiga chapa, mwenye kiwanda na staa mwenyewe, wote watatu walifukuzwa, na kadi imebaki inapatikana sokoni kwenye boksi la viatu.

Mwalimu Zawadi

Nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa imebidi niingie. Naishi Berlin. Mleta uzi umesema soma majina ambayo hayapo, basi naomba niongeze jina letu.

Kulikuwa na mtu wa Dar es Salaam kwenye studio hizohizo. Mahjub bin Adam Mohamed, Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar 1904, baba yake askari wa jeshi la Kijerumani, na yeye mwenyewe akaingia vitani akiwa bado mtoto. Alikuja Berlin 1929, pamoja na mambo mengine akidai mishahara yao ya vita, yake na ya baba yake, ambayo hawakulipwa. Hawakumlipa. Akafanya kazi ya uhudumu pale Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe la Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin, na akaigiza filamu zaidi ya 20. Yumo kwenye Die Reiter von Deutsch-Ostafrika ya 1934, yumo kwenye Zu neuen Ufern ya 1937 iliyompandisha Zarah Leander, yumo kwenye Carl Peters ya 1941 pamoja na Hans Albers.

Fikirieni hilo. Hans Albers ana kadi za kila namna, za rangi, za dhahabu, akiwa na kofia, akicheka. Zarah Leander usiseme. Mtu wa Dar aliyesimama nao mbele ya kamera ileile, nimepekua albamu zangu zote, sijakuta hata jina lake chini ya picha ya kundi. Alikamatwa 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 waliweka jiwe la kumbukumbu lenye jina lake mtaani Brunnenstraße, kwenye njia ya wapita kwa miguu. Nikipita huwa nalifuta vumbi.

Dalali Mstaafu

Daah. Hii sikuijua kabisa. Shukrani mwalimu.

mpemba_wa_bristol

Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Na huyu alikuwa anawafundisha Kiswahili.

Kasuku wa Leipzig

Mwalimu heshima yako. Nilikuwa namfahamu kwa jina ila sikuwa nimeunganisha na Zu neuen Ufern. Nina picha za filamu hiyo, wikiendi hii nazipitia upya zote na lenzi.

Kuna mwingine wa kumtaja hapo, Louis Brody, mzaliwa wa Douala Kamerun, alianza kuigiza Berlin tangu filamu bubu na yeye alinusurika vita. Weusi waliokuwa wanafanya kazi kwenye filamu zile walikuwa jamii nzima na wengi walitoka makoloni.

Mzee wa Moshi

Vijana mimi nina la kusema ambalo halitawapendeza. Kuna albamu nyingine ya sigara, si ya sinema, inaitwa Deutsche Kolonien, imetoka Dresden 1936 na haohao Cigaretten-Bilderdienst. Nimeiona kwa rafiki. Picha za rangi za kupendeza, Afrika Mashariki yetu imo, na maneno yake yote yanataka makoloni yarudishwe kwa Mjerumani aliyeyapoteza baada ya vita ya kwanza. Hakuna mahali panaposemwa Majimaji watu walikufaje. Sasa nyinyi mnaonunua vitu hivi na kuvitunza kwenye plastiki kama mboni ya jicho, hamwoni mnamtunzia mtu uongo wake? Mimi ningekuwa nayo ningeitia moto.

Bint Kilindini

Shikamoo mzee. Naelewa uchungu wako, lakini mimi singeichoma. Ukiichoma, uongo uliosambazwa kwa kila mvuta sigara utabaki unasimuliwa kwa mdomo na mtu atasema haukuwepo. Mimi ningemwekea mwanangu mezani nimuonyeshe, hivi ndivyo walivyokuwa wanamfundisha mtoto wa umri wako, kwa picha nzuri.

Mwalimu Zawadi

Shikamoo mzee. Mimi nakubaliana nawe nusu. Kununua kwa bei kubwa ili muuzaji atafute nyingine, hapana. Kuitundika ukutani, hapana kabisa. Ila ziende kwenye maktaba na makumbusho, na za kwetu zifike Dar pia, wanafunzi wa historia wazishike. Mwanafunzi akiona kuwa ile propaganda ilikuja bure ndani ya pakiti ya sigara ataelewa kitu ambacho sura nzima ya kitabu haiwezi kumweleza.

Mzee wa Moshi

Marahaba. Nimewasikia. Bado ningeichoma, ila nimewasikia.

Kasuku wa Leipzig

Shikamoo mzee, na asante kwa kulileta. Mimi ninayo hiyo albamu, na huwa siiweki pamoja na za sinema. Nimeitenga na sijawahi kuitoa kwa mgeni bila kumweleza kwanza anaangalia nini.

Na hapohapo wanaonunua kutoka Ujerumani wajue, albamu za kuanzia 1933, hasa za Olimpiki ya 1936 na za viongozi wa chama, zina msalaba wa Kinazi, na kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya huku kinakataza kuuonesha hadharani, isipokuwa kwa elimu na utafiti na mambo ya aina hiyo. Ndo maana sokoni unakuta muuzaji kabandika kikaratasi juu ya alama. Ukibandua kile kikaratasi kwa kucha unaondoka na rangi ya jalada, bora ukiache.

Kijana wa South B

Sawa nimeshika. Sasa mtu kama mimi niko Nairobi, sina shangazi Hamburg, naanzia wapi? Nataka za sinema tu, za hao waliofukuzwa.

Kasuku wa Leipzig

Mkuu hapo umechagua vizuri, mkusanyiko wenye mada moja unakua na maana kuliko kuokota kila kitu. Ningekuwa wewe ningeanza na Josetti za picha halisi, zipo nyingi, bei ya kibinadamu, na ndani yake utawapata kina Veidt wakiwa bado juu. Tafuta onlaini kwa maneno ya Kijerumani, andika Zigarettenbilder au Sammelbilder na jina la staa, usiandike Kiingereza, ukiandika Kiingereza unaletewa wale waliokwishapandisha bei kwa ajili ya Wamarekani. Herufi za zamani zitakusumbua mwanzoni, ile S ndefu inafanana na F, kwahiyo ukiona jina halisomeki jaribu kubadilisha F kuwa S uone.

Muombe muuzaji akutumie kwa posta ya kusajiliwa, kadi katikati ya maboksi mawili magumu, mkanda wa gundi usiguse kadi kabisa. Ikifika mulika, kagua, alafu andika pembeni kwenye daftari, sio kwenye kadi, umeipata lini, wapi, nyuma imeandikwa nini neno kwa neno. Hilo daftari baadaye litakuwa na thamani kwako kuliko unavyofikiria.

Na Ross ukimpata mwenyewe kwenye kadi ya kabla ya 1937, hiyo ni ya mikononi mwake. Anza na hizo.

mpemba_wa_bristol

Nina Josetti mbili za Veidt, moja ni ya ziada. Kijana nitumie anuani inboksi, nitaitia kwenye bahasha Jumatatu. Usinilipe, ila hiyo ya kuandika nyuma neno kwa neno uifanye kweli.

Kijana wa South B

Mzee wangu shukran sana! Nimekutumia saa hii.

Mwalimu Zawadi

Kasuku, ukimaliza kupitia zile picha za Zu neuen Ufern zipige skana kwa ukubwa kabisa, hasa za makundi, uzitupie hapa hata kama humwoni. Macho mengi ni bora, na mimi naijua sura yake.

Kasuku wa Leipzig

Sawa mwalimu. Pande zote mbili, mbele na nyuma. Naziweka humuhumu kwenye huu uzi.